Daktari Mwenye Alitufumua Nywele

Madaktari nimeona wengi, wa meno, wa macho, wa kudunga watoto sindano, lakini huyu ndiye peke yake nimeona akifukuza wagonjwa. Ukimwambia, "Daktari, kichwa inanigonga tangu Jumapili," uso yake inaanguka kama chapati imetolewa kwa moto mapema. "Pole sana, mama. Basi siwezi kukuchukua." Na yeye ni daktari wa kichwa! Alikuwa anataka wale hawaumwi mahali popote.

"Nitafutie wazee wazima," aliniambia.

"Na utawatibu nini?"

"Hakuna."

Nikarudi jikoni nikacheka mpaka nikashika sinki.

Mimi nilikuwa mama wa chai kwa jengo ya ofisi yake, huko town, ghorofa ya tano. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hiyo sijui na sikuuliza. Alikuwa Muhindi wa hapa hapa Nairobi, anakaa Kileleshwa, masharubu kama brashi ya viatu, kichwa haina hata unywele moja, na Kiswahili yake ni kama yangu, ya kusikilizana. Jina yake naijua, lakini kwetu mtaa wa Kabiria hakuna mtu alimwita nayo. Tulimwita Daktari wa Vichwa, na yeye akaitika.

Wacha niwaambie kazi yake vile mimi nilielewa. Alikuwa na kasanduku kadogo, ndani iko na betri kama ya redio. Kwa hiyo kasanduku kunatoka waya mbili, na kila waya iko na sponji, sponji zinaloweshwa maji ya chumvi. Anakuwekea moja hapa juu ya jicho, ingine huku kando, anafunga na mpira kama wa kufunga nguo ya ndani, halafu stima kidogo sana inapita. Haikati, haichomi, inawasha tu kama umekaliwa na siafu wawili wenye adabu. Ukiwa hapo unaambiwa maneno kumi na tano: ndoo, askari, embe, dirisha. Badaye unaulizwa umekumbuka ngapi. Ni hiyo tu. Alikuwa anataka kujua kama hiyo stima inaweza kusaidia mtu mzee, mwenye haumwi, kukumbuka vizuri.

"Kwani watu hawajui?" nilimuuliza.

"Mama, vitabu ziko nyingi," akasema. "Lakini ukiangalia ndani, ni vichwa za wanafunzi wa ng'ambo. Vijana. Nywele laini. Hakuna kichwa ya shosho wa Kabiria hata moja. Mimi nataka nyinyi muwe kwa kitabu."

Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe na mikono mbili, na masharubu ikatetemeka kidogo. Hapo ndio nilijua huyu mtu hachezi. Kasanduku yenyewe ilikuwa ya kuombwa, ya watu wengine, na siku ya kurudisha ilikuwa imeandikwa kwa ukuta na kalamu nyekundu. Kabla hiyo siku ifike alikuwa anahitaji wazee kumi na sita. Kwa miezi miwili alikuwa amepata mmoja, na huyo alikuwa askari wa mlango, na askari alilala kwa kiti, akafutwa kwa orodha.

Basi nikampelekea kanisa yangu.

Sisi wamama wa kanisa yetu tumetoka magharibi wote, Maragoli, Bunyore, Kakamega, tumezeekea hapa Kabiria. Jumapili baada ya ibada nikasimama nikasema kuna daktari anataka vichwa. Kelele! Mmoja akasema hiyo mashini inanyonya mawazo inaweka kwa chupa. Mwingine akasema Daktari ataona dhambi zako kwa karatasi, zimejipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa. Mama mmoja alikubali kwenda, lakini kufika tu, kabla hata ya sponji, akashika Daktari mkono akamwambia, "Daktari, kabla uione mwenyewe, ile kuku ya jirani ilipotea mwaka jana, ni mimi."

Daktari akasema, "Mama, mimi sioni mawazo."

"Huoni?"

"Sioni kitu."

"Basi hiyo ya kuku, sahau."

Halafu ilikuwa ile karatasi ya maswali. Daktari alikuwa lazima aulize kila mtu, ni sheria. Umewahi kuanguka kifafa? Uko na chuma ndani ya kichwa? Halafu anaangalia chini, masikio inakuwa nyekundu, anauliza mtu wa miaka sabini na mbili: "Una mimba?" Aki, hiyo siku! Huyo mama alimjibu, "Daktari, kama iko, basi niite Sara, na unitafutie Abrahamu, kwa sababu wangu alikufa kitambo." Tulicheka mpaka watu wa ofisi ya chini wakagonga dari na fagio. Na Daktari akaandika kwa karatasi, pole pole, bila kucheka: Hapana.

Kitu ingine alikuwa anatuambia ni kwamba unaweza kuondoka saa yoyote, hutaulizwa sababu. Wamama walipenda hiyo sana. Mmoja aliinuka katikati, sponji bado kwa kichwa, akasema anaenda kuona kama duka ya vitenge iko wazi, anarudi. Daktari akamfuata mpaka kwa ngazi ameshika kasanduku kama mtu anafuata mbuzi na kamba. Hakumkataza. Sheria ni sheria.

Lakini shida kubwa haikuwa uoga. Shida ilikuwa nywele.

Hiyo sponji inataka kugusa ngozi. Sasa, mwanamke wa heshima ataenda aje town, kwa daktari, na nywele imesimama? Hawezi. Daktari alituma ujumbe: mje na nywele imefumuliwa. Wamama walisikia, wakaitika, na kila mmoja akaenda kusukwa mpya. Walikuja wamesukwa mpaka macho imevutwa, wengine wigi, wengine kitambaa juu ya wigi juu ya matuta. Daktari alisimama na sponji yake inatiririka maji kwa kiatu, akasema, "Sasa hapa ngozi iko wapi?"

Ikabidi anafumua. Mtu amesoma vitabu yote ya dunia, amekaa kwa kistuli, ameshika mkia wa kichana, anafumua mama wa watu laini moja moja. Na ukimaliza kufumua, utamrudisha Kabiria akifanana na mtu ametoka vitani? Bwana yake atauliza. Pasta atauliza. Siku ya kwanza mama mmoja alilia kabisa.

Nikamwambia, "Daktari, mwenye anafumua ndiye anasuka. Ndio desturi."

"Sijui kusuka."

"Utajua."

Nikamfundisha na kamba za mopu. Vidole zake zilikuwa nono kama ndizi, na mara ya kwanza matuta yake ilikuwa inaenda kama barabara ya kwetu wakati wa mvua, inafika mahali inakata kona bila sababu. Lakini huyo mtu hakuwa wa kuacha. Alikuwa anasuka mopu wakati wa chai, anasuka akiongea kwa simu. Baada ya mwezi mmoja, nawaambia ukweli wa Mungu, alikuwa anasuka laini nyembamba imenyooka, na anajua kuacha nafasi mahali sponji itakaa, ndio siku ya pili usifumuliwe tena. Kanisani watu wanauliza mama, "Nani amekushika kichwa hivi?" Mama anajibu na maringo, "Daktari wangu wa town."

Alikuwa mtu wa kushangaza kwa mambo mengi. Anawekea watu stima kwa kichwa, lakini birika ya stima alikuwa anaogopa kama nyoka. Soketi ya jikoni ilikuwa inatoa cheche kidogo, sasa yeye anasimama kwa mlango, anaita, "Mama, tafadhali, njoo uchomeke." Nikamuuliza mbona anaogopa hii na ile ya kichwa haogopi. "Ile niliipima," akasema. "Hii nani amepima?" Na ni kweli, ile alijifungia yeye mwenyewe wa kwanza kabla ya mtu yeyote, kwa hiyo kichwa yake ya upara, akakaa hapo akijikuna.

Na hakuwa anakula kuku. Fikiria! Mtu mzima, kazi anayo, meno anayo, na kuku hali. Nyama hali, hata yai. Nilipoambia wamama, walinyamaza vile watu wananyamaza matangani. Mmoja akasema, "Maskini. Na si mgonjwa?" Lakini mrenda, wacha! Nilikuwa naleta mrenda yangu, ile mboga ya kuteleza, na ugali kwa kopo, siku moja akaonja. Alivuta hiyo mrenda ikavutika kutoka kwa sahani mpaka kwa masharubu, akafumba macho. Tangu hiyo siku kopo yangu ikawa ya watu wawili.

Neno lake ya kwanza kwa kila kitu ilikuwa "Sijui bado." Mvua itanyesha? Sijui bado. Hii stima inasaidia? Sijui bado. Mimi nimekaa chini ya mapasta wengi na sijawahi sikia hata mmoja akisema sijui. Mwanzoni nilimuonea huruma. Badaye nikaanza kupenda. Ni kama kukaa na mtu ameacha mlango wazi.

Na neno lake ya pili ilikuwa, "Mama, tafadhali, usinisaidie." Hiyo aliisema mara nyingi kuliko asante. Kwa sababu sisi tulikuwa tunamsaidia sana! Mama akitoka kwa chumba anapita karibu na mwenye anaingia, anamnong'oneza, "Inaanza na ndoo, halafu askari, shika hapo." Daktari akagundua, akabadilisha maneno. Wakamsaidia tena. Akabadilisha tena. Alituweka chini akatueleza: yeye hataki tufanye vizuri, anataka tufanye vile tuko. Tukaitikia sana. Tukakubaliana nje kwamba huyu mtu ni mnyenyekevu, hapendi kusumbua.

Sasa nifike kwa ile kitu.

Kila mmoja wetu alikuwa anaenda mara mbili. Siku moja stima ni ya kweli, inapita mpaka mwisho. Siku ingine ni ya uwongo: inawasha mwanzoni, halafu inazimika pole pole, na wewe unakaa hapo unafikiri bado iko. Gani ni gani, wewe hujui. Hata Daktari hajui! Imeandikwa kwa bahasha, bahasha imefungwa kwa kabati, na funguo iko na mtu wa ofisi ingine. Nilimwambia, "Daktari, kwetu mtu anaficha kitu ili jirani asione. Wewe unajificha wewe mwenyewe." Akasema, "Ndio, kwa sababu mimi ndiye jirani mbaya. Nikijua, nitaona kile nataka kuona." Na majina pia alificha. Kila mtu alikuwa nambari. Mimi nambari nne. Rafiki yangu Mama Ayub, nambari saba.

Mama Ayub ni mtu wangu tangu tukiwa wasichana wa kuolewa. Ni mkarimu, anaimba vizuri, lakini kukumbuka, hapana. Hata zamani. Anaweza kuweka chumvi mara tatu na akulaumu wewe.

Sasa kanisa yetu tuko na zamu ya kufagia. Wiki hii wewe, wiki ijayo mimi. Ukipata mgeni ama matanga, hauachi kanisa na vumbi, unaambia mwenzako, anakushikia. Wiki yake ikifika, unamrudishia. Tumeshikiana hivyo miaka mingi, na hakuna siku Mungu amesema hii si fagio ya nambari saba.

Basi siku ya pili ya Mama Ayub ikafika, na asubuhi hiyo hiyo shemeji zake wakatokea kutoka nyumbani, watu watano na kuku wawili. Akanipigia simu: "Wee Mama Grace, nishikie hapo kwa Daktari."

"Nitakushikia."

Daktari mwenyewe hizo wiki mbili hakuwa, alikuwa anasimamia mitihani ya wanafunzi. Angekuwa angejua, kwa sababu sura za watu alikuwa anasahau lakini kichwa akishasuka hasahau. Kulikuwa na msichana mpya wa karatasi, ameanza hiyo Jumatatu, hajui hata choo iko wapi. Akafungua mlango akaita, "Nambari saba?" Nikasema, "Niko." Nikakaa, nikawekewa, nikawashwa. Mimi ni mtu wa hadithi, maneno kumi na tano kwangu ni kama wajukuu, hakuna mwenye naweza kuacha nje. Nikayataja yote.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku yangu ya pili. Mama Ayub akasema, "Leo nakurudishia." Akaenda akakaa kama nambari nne. Akataja matano, na moja kati ya hayo hata haikuwa kwa orodha.

Na hatukufikiria tena hiyo maneno. Deni ya fagio imelipwa, basi.

Wakamaliza wote kumi na sita. Bahasha zikafunguliwa. Alhamisi moja naosha vikombe, naona Daktari anaingia jikoni anarukaruka. Mtu wa miaka sitini! Akashika mopu akaizungusha.

"Mama! Nambari saba!"

"Amefanya nini?"

"Siku ya stima ya uwongo alikumbuka maneno tano. Siku ya stima ya kweli, kumi na tano! Yote! Sijawahi kuona, hakuna mtu amewahi kuona! Na kuna mwingine, nambari nne, siku ya kweli kumi na nne, siku ya uwongo ameanguka mpaka nne. Mama, vichwa zenu zinaitikia kuliko za wanafunzi wote! Wiki ijayo naenda kwa mkutano mkubwa, nitasimama niseme. Kesho naleta keki."

Kikombe ikaniponyoka ndani ya maji. Kwa sababu hapo, vile alisema nambari zikifuatana, hata mimi bila shule niliona. Haikuwa stima. Ilikuwa mimi.

Nilishuka Kabiria nikapita kwangu bila kuingia, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ayub. Alikuwa anachambua kunde.

"Mama Ayub, tumeharibu."

"Tumeharibu nini?"

"Kwa Daktari. Ile kushikiana. Anafikiri ni stima imekuamsha kichwa."

Akafikiria kidogo. "Na haijaniamsha?"

"Ni mimi nilikuwa hapo!"

"Ah." Akaendelea na kunde. "Sasa si unyamaze? Kichwa ni kichwa. Stima itajuaje huyu ni wa Maragoli na huyu wa Bunyore?"

"Anaenda kusimama mbele ya watu wa dunia."

"Asimame. Amefurahi. Wewe unataka kumtoa furaha kwa mdomo kama mtoto ananyang'anywa sukari guru? Na ukimwambia atatupa vichwa zetu zote, hata za wale hawakukosa. Wamama walifumuliwa nywele, Mama Grace. Wengine walilia."

Hapo alinishika. Kwa sababu ni mimi nilikuwa nimewapeleka. Nilikuwa nimewaambia, mtaingia kwa kitabu. Nikimwambia Daktari, pengine kitabu itafungwa na sisi tukiwa nje. Nisipomwambia, kitabu itakuwa na sisi ndani na ni uwongo, na wazee mahali mbali wataanza kujifunga betri kwa kichwa, wakingoja kukumbuka kama mimi. Na mimi sikufanya chochote, nilizaliwa tu hivi.

Ijumaa nikafika. Keki iko kwa meza, ile yake isiyo na mayai, nyeupe, ameandikisha juu namba saba kubwa na krimu. Msichana wa karatasi anapanga sahani. Daktari ameshika kisu.

"Daktari, usikate."

"Mama, hakuna mayai, nimekuambia."

"Usikate. Nambari saba ni mimi."

Akatabasamu. "Wewe ni nambari nne, Mama."

"Mimi ni nambari nne. Lakini hiyo siku nilikuwa nambari saba. Na ile siku nambari nne ilifaa kuja, nambari nne hakuwa mimi, ilikuwa saba."

Msichana wa karatasi akakaa chini. Daktari akabaki na kisu juu. Nikamweleza yote, shemeji watano, kuku wawili, fagio ya kanisa. Nikaeleza mara ya pili, kwa sababu uso yake ilikuwa kama mtu anasikiliza redio haijashika vizuri.

Akaweka kisu. Akaenda kwa dirisha akaangalia magari chini, kitambo kirefu. Nilifikiri analia. Mabega ilikuwa inatingika, na mimi hapo nyuma machozi imeanza kunitoka, nasema, "Nisamehe Daktari, nisamehe."

Akageuka. Alikuwa analia na anacheka pamoja, sijui gani ilianza.

"Lakini kwa nini, Mama? Kwa nini hamkuacha tu kiti wazi?"

"Kiti wazi?" nikasema. "Daktari, hiyo sasa ndio ingekuwa aibu."

Akapanguza macho na kitambaa ya sponji, chumvi ikaingia, akalia vizuri sasa. Halafu akanipa mkono, kama mwanaume kwa mwanaume. "Asante. Ungenyamaza, ningeenda kudanganya watu na mikrofoni."

"Na sasa wamama wengine? Utawatoa?"

"Nyinyi wawili lazima niwatoe. Hao wengine wabaki. Lakini niliahidi kumi na sita, na nimebaki na kumi na wanne, na kasanduku inarudi Jumatatu. Wenye kitabu wanaweza kukataa."

"Watakataa?"

"Sijui bado," akasema, na hiyo siku ile neno haikunifurahisha hata kidogo.

Keki tulikula. Yeye mwenyewe alikwangua ile saba na kijiko, akaila yote.

Kwa mkutano alienda. Msichana aliniambia alisimama mbele ya watu wote wakubwa akasema bado hajui, akakaa. Halafu goti yangu ikakataa ngazi, nikaacha kazi ya chai nikabaki Kabiria. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Wamama wananiuliza kanisani, "Mama Grace, kitabu?" Naangalia kando. Wengine wakaacha kuuliza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mwaka huu, Jumamosi moja baada ya mvua ndefu, nasikia boda boda inapiga honi kwa mlango. Naangalia, ni nani amemkumbatia dereva kwa nyuma na macho amefumba? Daktari wa Vichwa! Matope mpaka magoti. Amezeeka, masharubu imekuwa nyeupe, na kifuani ameshikilia bahasha ya kaki ndani ya karatasi ya nailoni.

"Mama," akasema, hata salamu hajatoa, "wamekubali."

Nilipiga kigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko akifikiri ni mwizi.

Nikatuma watoto waite wamama. Walikuja kumi na mmoja, wawili wameenda nyumbani magharibi, na wengine Mungu amewachukua. Mrenda ikapikwa. Lakini Mama Ayub akakataa katakata: mgeni wa namna hiyo haingii Kabiria bila kuku kuchinjwa. Nikamwambia hali kuku. "Si lazima ale," akasema, "lakini lazima ichinjwe." Ikachinjwa, ikapikwa, ikawekwa mbele ya Daktari kwa sahani nzuri. Akaiangalia kwa heshima, akaishukuru. Halafu sisi wamama tukamshikia zamu, tukaila yote mpaka mfupa.

Ndio akatoa makaratasi. Kizungu tupu, na michoro ya vichwa na madoa mbili za sponji. Tukakaa karibu karibu. Akasema hapa imeandikwa wanawake wazee wazima, wa mtaa wa magharibi ya Nairobi. Mama wa ile kuku ya jirani akaweka kidole juu ya hiyo laini na hakuitoa. "Hii ni sisi?" "Hiyo ni nyinyi."

"Na jibu?" nikauliza. "Stima inasaidia?"

Daktari akavuta pumzi. "Hapana. Kwa vichwa zenu, siku ya kweli na siku ya uwongo, hakuna tofauti."

"Hapana?" akasema mmoja. "Nilifumuliwa nywele mara mbili, jibu ni hapana?"

"Hapana ni jibu, mama. Watu wengi walikuwa wanasema ndio. Sasa mtu akitaka kuuzia wazee hiyo kasanduku, ataonyeshwa nyinyi."

Wakafikiria hiyo. Polepole naona shingo zinanyooka. Ile kitu ya kuonyeshwa mtu kama kizuizi, waliipenda.

"Na kuna hii," Daktari akasema. Akaniangalia na kona ya jicho, akaanza kusoma, anageuza Kiswahili akienda. "Wawili waliondolewa, kwa sababu kila mmoja alikaa kwa kiti cha mwenzake siku mwenzake hakuweza kuja. Mwandishi hakuwa amewauliza wao huishi namna gani. Kosa ni la mwandishi."

Nikageukia Mama Ayub kando yangu, nikitaka kumfinya tucheke. Lakini Mama Ayub alikuwa ametoa macho, amekasirika kabisa kwa niaba ya Daktari.

"Kumbe kuna watu walikuharibia kazi hivyo!" akasema. "Wajinga gani hao? Ni wa kanisa yetu?"

Alikuwa hatanii. Nilimwangalia vizuri, na Daktari pia akamwangalia, si uso, ile njia yake ya kuangalia juu ya paji. Imekuwa hivyo siku hizi, chumvi si mara tatu tena, ni kumi. Wamama wengine wakaangalia mikono yao.

"Waseme majina," Mama Ayub akasema. "Nitawaendea mimi mwenyewe."

Daktari akakunja karatasi. Akashika mkono ya Mama Ayub na zile vidole zake za ndizi.

"Majina hatutaji, Mama," akamwambia. "Ni sheria."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama Ayub akanigeukia mimi. "Na wewe Mama Grace? Wewe unakumbukanga kila kitu. Ni akina nani?"

Nikachukua birika nikammiminia chai, nikasema, "Sijui, dada yangu. Sijui kabisa."